Jibu: 7.62 au 5.56, ipi yenye nguvu zaidi?

Salaam, ndugu. Nimeelewa kwamba ubishi wenu wa barazani hapo Mji wa Kale umekwama mahali pamoja: mmoja anashikilia kuwa risasi ya bunduki yenye kipenyo cha milimita 7.62 ina nguvu kuliko ile ya milimita 5.56, na mwenzake anauliza ni kwa nini basi majeshi mengi yaliiacha.

Kwanza kabisa ulizaneni ni 7.62 ipi, kwa maana kipenyo peke yake hakitoshi. Ile ya AK-47, yenye ganda lenye urefu wa milimita 39, hurusha risasi ya takriban gramu 8 kwa nguvu ya juli (kipimo cha nishati) 2,000 hivi, ilhali ile ya NATO yenye ganda la milimita 51, niliyoizoea kwa kubeba bunduki ya G3 jeshini, huvuka juli 3,000. Risasi ya 5.56 ina gramu 4 tu, lakini hutoka kwa kasi ya zaidi ya mita 900 kwa sekunde, na nguvu yake haifiki juli 2,000.

Kwa hiyo huyo wa kwanza hakukosea. Ila amesahau mzigo. Risasi kamili ya 7.62 ya NATO, pamoja na ganda na baruti yake, ina uzito wa takriban gramu 24, na ya 5.56 gramu 12, hivyo askari hubeba mara mbili kwa uzito uleule, na bunduki humpiga teke dogo begani akaweza kulenga tena upesi. G3 ikifyatuliwa mfululizo mdomo hupanda juu, na risasi nyingi hupotea hewani. Kwa shabaha za mbali, hata hivyo, mimi ningali naichagua 7.62 ya NATO.