Wahusika wangu wanajibizana kama wako polisi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika hadithi fupi. Rafiki yangu kasoma ya mwisho, akasema wahusika wangu wanahojiana kama wako kituo cha polisi. Mke anauliza, "Ulilala wapi?" Mume anajibu, "Ziwani." Mke anasema, "Mwongo, hukwenda ziwani." Kasoro iko wapi?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo rafiki mshikilie.

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika mihadhara yake ya mwaka 1967 pale Harvard, alieleza kuwa watu wakizungumza huwa wanashirikiana: hutegemewa waseme kinachotosha, kilicho kweli, kinachohusu mada, na kwa namna ya kueleweka. Alikuwa akichambua mazungumzo ya kawaida, si hadithi. Lakini mwandishi ana la kuchota hapo. Mtu akionekana kuikiuka kanuni mojawapo waziwazi, msikilizaji hamwoni kapotea njia. Humtafutia maana.

Mimi nimekulia Kibirizi, huko Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, mama akianika dagaa. Sasa mpe mke wako maneno haya:

"Ulilala wapi?"
"Ziwani."
"Na mbalamwezi yote ile?"

Hajamwita mwongo. Kwa maneno yake, kauliza habari za mwezi tu. Lakini wavuvi wetu wa dagaa hutegemea taa. Mwezi ukijaa, taa haivuti kitu na mitumbwi hulala ufukweni. Mume analijua hilo, na mke anajua kuwa analijua. Mume akijibu, "Chai ipo?", basi kila kitu kimeshasemwa. Hapo mimi msomaji ndiye niliyeunganisha, na ndiyo maana inaniuma.

Msomaji wa Dodoma huenda hayajui haya. Usimfundishe kwa kinywa cha mke: "Kama unavyojua, mume wangu, mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa." Nani humweleza mvuvi kazi yake? Litangulize kurasa mbili nyuma: usiku mweupe, taa zimetundikwa ukutani, jirani yuko kibarazani anashona wavu, watoto wanacheza nje.

Ila usifanye hivyo kila mstari. Mtoto akiuliza chumvi iko wapi, aambiwe iko kabatini. Wote wakisema kwa mafumbo, fumbo la mke halitasikika.

Anza kwa kufuta lile neno "mwongo". Kisha niandikie tena, nataka kujua huyo mume alilala wapi.