Affidavit ni "ameapa", si "ataapa"

Jana nimemkuta karani mgeni akipanda bodaboda na bahasha, ampelekee mama mmoja wa Shela hati ya kiapo, ndiyo affidavit, aitie sahihi nyumbani, kisha airudishe ipigwe muhuri. Nimemshusha. Vijana wangu, nawapenda, lakini hili limenichosha.

1. Lijueni neno lenyewe. "Affidavit" ni Kilatini kilichoingia Kiingereza kizimakizima. Ndani yake mna "fides", yaani imani, na umbo lake ni la jambo lililokwisha tendeka: ameapa. Mwenyewe asipoapa mbele ya kamishna wa viapo, yaani wakili aliyepewa mamlaka ya kuapisha watu, karatasi hiyo haistahili jina hilo hata ikijaa mihuri.

2. Mahali na tarehe. Sheria ya Viapo ya Kenya, Sura ya 15, yataka kamishna aandike kweli kiapo kililiwa wapi na lini. Mimi mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mzee wa Mambrui, kesi ya shamba la minazi. Mvua ilikuwa kubwa, miguu yamuuma, nikamwonea huruma. Nikamfuata na karatasi na kidau cha wino. Kidole gumba chake kilikuwa kimepasukapasuka kwa kukwea minazi. Alama ikatoka vipandevipande, nikakibonyeza tena. Sikumsomea. Nilimwambia tu, "Ni yale tuliyozungumza, mzee." Nikarudi Malindi, muhuri wa kamishna ukapigwa.

Siku ya kesi wakili wa upande wa pili akamwuliza swali moja: "Uliapa mbele ya nani?" Mzee akaninyoshea mkono nilipoketi. "Mbele ya mwanangu huyu, barazani kwangu." Hati ikatupiliwa mbali, pamoja na karatasi zake za kununulia shamba zilizoambatishwa. Tulipotoka nje akanishika bega: "Mwanangu, nimejibu vibaya?" Nilishindwa kumtazama.

3. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, kama ni Kigiriama basi Kigiriama, na hati iseme hivyo.

4. Kila kiambatisho kipigwe muhuri na kutiwa alama yake.

5. Mwapaji aseme anayoyajua mwenyewe. Kanuni za Madai za 2010, Amri ya 19, ziko wazi. Msimtungie maneno matamu.

Yule mama wa Shela amekuja leo kwa tuktuk. Tukamsomea polepole. Kwenye aya ya nne akainua mkono: "Hapo sivyo. Mume wangu alifariki kabla mtoto hajazaliwa." Tukachapa upya, ndipo akaapa.