Babu alisema "sisi tulipigana Majimaji". Alikuwepo?

SWALI: Shikamoo anko. Mi naishi Mbagala, kwetu ni Songea. Marehemu babu alipokuwa anasimulia ilikuwa sisi tulitoka kwa Wazulu, sisi tulipigana Majimaji, sisi tulikata mkonge Tanga. Sasa kwenye grupu la ukoo wasap kumewaka moto, binamu mmoja anadai babu mwenyewe alikuwa mpiganaji wa Songea Mbano, yule nduna wa Wangoni. Cheti cha ubatizo kinasema kazaliwa 1924. Kwenye sanduku lake tumekuta kadi kuukuu ina vijumba 30, vingine vimetiwa alama. Tunaanzia wapi?
Mjukuu, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzieni hapohapo kwenye 1924, maana unamaliza nusu ya ugomvi. Majimaji ilianza Julai 1905 huko Umatumbi, ikafika Ungoni baadae mwaka huohuo, na Songea Mbano akanyongwa mapema 1906, babu yenu bado miaka 18 ndo azaliwe, na baba yake huenda alikuwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi. Ila mzee hakudanganya bwana, wazee wetu wakisema "sisi" wanausemea ukoo mzima. Kazi yenu ni kuwatenganisha hao watu.

Mkonge ndo wa kwake, na ushahidi mnao mkononi. Hiyo kadi ni kipande. Enzi hizo kila siku ukimaliza kazi uliyopangiwa kijumba kimoja kinatiwa alama, vikitimia 30 ndo unahesabiwa mshahara wa mwezi, ukiumwa au ukitegea kijumba kinabaki wazi. Vijana wengi wa Songea walienda Tanga kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, na 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua. Angalieni kama kuna jina la shamba au mhuri, hata uliofifia, na tafadhali msiipeleke kulaminishwa kabla hamjaipiga picha pande zote mbili.

La Wazulu lina mambo mengi. Msafara wa Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika, ulivuka mto Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, yeye akafia Ufipa kwenye 1848 hivi na watu wake wakagawanyika, wengine ndo wakaja kuishia Songea. Ila njiani walibeba watu kila walikopita, na hata walipofika wakawameza wenyeji, Wandendeule wamo, Wamatengo wamo, kwa hiyo kuna Wangoni kibao ambao mababu zao hawajawahi kuiona hiyo Zambezi. Jina la ukoo linasaidia kujua, sura haisaidii. Na mkihesabu toka 1924 kurudi 1835 ni kama vizazi vitatu, sasa kama majina mnayo ya vizazi viwili tu, hapo pana shimo, msilifukie kwa historia ya kabila zima.

Kwa karatasi nendeni parokia aliyobatizwa, kitabu cha ubatizo huwa kina baba, mama, msimamizi na mara nyingi kijiji. Msitegemee kufika mbali sana, mfano Peramiho misheni ilianza 1898 ikachomwa 1905. Nyaraka za Taifa pale Upanga nako kuna mafaili ya Wajerumani na Waingereza, ila humo utawakuta zaidi machifu na majumbe, mkulima wa kawaida ni bahati.

Mi ningeanza na bibi na mashangazi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na ni njaa hiyo iliyohamisha familia. Kwa hiyo msiulize "nani alipigana", ulizeni njaa ilipopiga walikimbilia kwa nani na nani hakurudi. Halafu ulizeni kuhusu baba wa babu kati ya 1914 na 1918, umri wake ndo ule waliokuwa wanabebeshwa mizigo ya vita. Sanamu ya Askari pale Posta, ya 1927, inawataja wapagazi, lakini hamna jina la mtu hata mmoja, kwa hiyo kama alibeba, anayejua ni mzee aliyebaki kijijini.

Na binamu aambiwe alete jina la huyo mpiganaji na la baba yake.