Kwa nini uchunguzi wa ndege huchukua muda

Dada, umeuliza kwa nini hawakutaja mkosaji siku ile ile ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Watu 43 walikuwa ndani, 19 wakafariki, marubani wote wawili wakiwemo. Kwa hiyo hakukuwa na rubani wa kuulizwa.

Hilo sanduku jeusi, yaani vifaa viwili vya kurekodi safari ya ndege (ni la rangi ya machungwa, lionekane kirahisi), halisemi "fulani kakosea". Kifaa kimoja hurekodi sauti za marubani, kingine mwendo, kimo na mengine mengi. Hayo lazima yalinganishwe na hali ya hewa ya saa ile, kumbukumbu za matengenezo na mabaki yenyewe. Huku Mwanga vijana walishahukumu kabla hata ya mazishi!

Nchi ilikotokea ajali ndiyo inayoongoza uchunguzi. Ufaransa nayo ina haki ya kushiriki kwa kuwa ATR, aina ya ndege hiyo, hutengenezwa kule. Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, na lengo ni kuzuia ajali nyingine. Fidia na lawama ni mambo ya bima na mahakama.