Maswali na Majibu: Kupandanisha Karanga Zihimili Magonjwa

Ua la karanga hujichavusha lenyewe. Mtu analiwahi vipi?

Kwa kulitangulia jioni. Ua la kesho utalijua: limetuna na limeanza kuonyesha unjano. Lifunue taratibu kwa kibano, nyofoa vifuko vyote vya chavua, kisha rudishia petali. Alfajiri chukua chavua ya mmea baba, paka kwenye ncha ya kike, ufunge uzi wa rangi kwenye kifundo hicho. Siku kadhaa baadaye kitachomoza kijiti na kujichomeka ardhini. Karanga yako itakua huko usikoiona. Ua jingine likitokea kifundo hichohicho, ling'oe, la sivyo utavuna usichopandanisha.

Nimepandanisha aina inayohimili rozeti, ugonjwa wa virusi unaodumaza karanga, na yangu inayozaa sana. Watoto wote wamedumaa. Mbegu niliyouziwa ni feki?

Si lazima. Uhimilivu wa rozeti unaotumika zaidi hutegemea jeni mbili fichi, na mche sharti urithi kila moja kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo kizazi cha kwanza huugua chote. Usikitupe! Kiache kijizalie, katika kizazi cha pili tarajia mche mmoja mzima kati ya 16. Ukipanda 20 unacheza bahati nasibu, panda 200. Na vidukari, wanaoeneza ugonjwa huu, waufikie kila mche. Mche uliopona kwa sababu tu haukufyonzwa umeshawadanganya wengi.

Mbona karanga zinazohimili madoa ya majani huchelewa kukomaa?

Mara nyingi sifa hizo mbili hurithiwa pamoja. Dawa ni kuchagua kutoka miche mingi, tena kwa kupima punje kwenye mizani. Shamba la kijani hadi siku ya kung'oa linapendeza macho, halafu unamenya maganda unakuta punje zimesinyaa.

Karanga mwitu zina kinga kali. Kwa nini tusizitumie moja kwa moja?

Nyingi zina kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 20, za shambani zina 40. Chotara hubaki na 30, tena tasa, mpaka kromosomu zirudufishwe kwa kemikali iitwayo kolchisini. Inawezekana, ila polepole: kinga dhidi ya minyoo fundo, wanaoshambulia mizizi, kutoka karanga mwitu Arachis cardenasii ilifika mashambani Marekani mwaka 1999 katika aina ya COAN. NemaTAM, iliyoizidi kwa mavuno, ikafuata 2002.

Kazi yote miaka mingapi?

Vizazi sita hivi ndipo mbegu itulie, yaani izae miche inayofanana, kisha majaribio ya mavuno. Kwa msimu mmoja kwa mwaka, hesabu miaka kumi.