Mbona msimamizi wetu Mchina mtoto kamwacha kwa bibi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kibarua kwenye saiti ya barabara huku Kigoma. Msimamizi wetu ni Mchina, mtu mzuri tu, Kiswahili chake ni "haraka haraka" na "kesho pesa". Kila jioni anakaa juu ya tairi bovu anaongea na mwanawe kwenye simu. Mtoto yuko kijijini Henan kwa bibi yake. Nilidhani mama wa mtoto amefariki, kumbe yupo, anafanya kazi kiwandani Shenzhen. Sasa nchi yenye treni za kilomita 300 kwa saa, mama anashindwaje kukaa na mtoto wake? Au wenzetu hawana uchungu na watoto?
Kibarua, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Uchungu wanao, tena sana. Kinachowatenganisha ni kitabu kidogo chenye jalada la rangi ya damu ya mzee, kinaitwa hukou, yaani daftari la kaya. Humo ndani imeandikwa wewe ni mtu wa wapi, na mtoto anaandikwa kwa mzazi wake hata kama kazaliwa mjini.

Sheria yake ni ya 1958. Serikali ilikuwa inachukua nafaka vijijini kwa bei ya chini ili ijenge viwanda, haikutaka wakulima wakimbilie mjini. Mtu wa mjini alipewa kuponi za chakula. Mwanakijiji aliyetoroka kuja mjini, hata awe na hela mfukoni, bila kuponi hapati mchele. Miaka ya 1980 viwanda vya pwani vikaanza kutafuta mikono, na 1984 wakulima wakaruhusiwa kuhamia miji midogo kwa sharti kwamba chakula wajitafutie wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuponi za nafaka zikafa. Daftari likabaki.

Chukulia mtu wa Kasulu. Kauza viatu Kariakoo miaka 20, kila dalali anamjua, lakini mtoto wake hapati kirahisi nafasi shule ya serikali Dar kwa vile daftari linasema Kasulu. Ndiyo hukou hiyo.

Mimi niliijua kupitia cherehani. Kuanzia 2010 hadi 2019 nilikuwa naenda Guangzhou kufuata nguo za watoto, kontena tunachangia wanne. Waafrika wengi tulifikia Xiaobei, lakini mkalimani wangu akanipeleka Kangle, kijiji kilichomezwa na jiji, jirani na soko la vitambaa la Zhongda. Nyumba zimebanana hadi wenyewe wanaziita za kupeana mikono, maana unaweza kumsalimia jirani dirisha kwa dirisha. Kukicha, mabosi wanajipanga barabarani, kila mmoja kashika nguo ya mfano na bei ya kushona kipande kimoja. Mafundi wanapita, wanaigeuza nguo nje ndani, wanakagua mishono, wanapiga hesabu kimoyomoyo kwamba kola hii itanila muda, wanasonga kwa bosi wa mbele. Anayetafuta kazi ndiye anayemkagua mwenye kazi! Wengi wao ni watu wa jimbo la Hubei.

Fundi wangu naye alikuwa wa Hubei, rika langu. Simu ameiegemeza kwenye uzi, mwanawe wa darasa la nne anafanya kazi za shule upande wa pili, mama anashona huku anamgombeza bila kuinua macho. Nilimuuliza swali lako hilihili. Akacheka, akaanza kuhesabu kwa vidole. Shule ya msingi mjini angeweza kuihangaikia: ya serikali kwa kukusanya rundo la karatasi za nyumba na bima, au ya binafsi ya watoto wa wahamiaji kwa kulipa ada. Kikwazo ni mtihani wa kuingia chuo kikuu, ule wa mwezi wa sita. Kwa kawaida mtoto anaufanyia kwenye jimbo la daftari lake. Kuufanyia kwingine kuna masharti, na fundi anayelipwa kwa kipande, bila mkataba, masharti hayo atayatimiza wapi? Basi akaona bora mtoto asome hukohuko tangu mwanzo, kuliko kumng'oa katikati.

Mwaka Mpya wao ukifika Kangle inabaki mifuko ya nailoni na paka. Kila mtu kaenda kwao. (Na wewe mfanyabiashara, kama mzigo haujatoka kabla ya hapo umeumia. Mimi niliumia 2012, sitaki hata kukumbuka.) Mwaka mmoja fundi wangu alirudi Kangle na koti la baridi alilomshonea mwanawe. Lilikuwa limembana, mikono imepungua inchi mbili. Mwanamke aliyeshona makoti ya watoto wa watu maelfu, ya kila umri, vipimo vya wa kwake alivikisia kwenye kioo cha simu. Akanipa mimi niwaletee wanangu. Ninalo hadi leo hapa Tandika. Kwa joto hili, nani alivae?

Mambo hayajasimama, lakini. Zamani ukikutwa mjini bila kibali cha muda, polisi wanakuzoa na kukurudisha kwenu. Mwaka 2003 Sun Zhigang, kijana wa Hubei mwenye miaka 27, mbunifu wa michoro aliyeajiriwa na kampuni ya nguo hukohuko Guangzhou, alikamatwa kwa kukosa kibali, akapigwa kizuizini hadi kufa. Magazeti yakaandika, watu wakachachamaa, na mwaka huohuo utaratibu ule ukafutwa. Mwaka 2014 serikali ikatangaza kuondoa mgawanyo wa hukou ya mkulima na ya asiye mkulima, na miji midogo imelegeza milango. Shenzhen, Guangzhou, Shanghai na Beijing wao wanahesabu pointi: elimu yako, miaka uliyochangia bima, na kadhalika. Pia wapo wasioitaka hukou ya mjini hata ukiwapa bure, kwa sababu ile ya kijijini ndiyo inayowapa haki ya shamba na kiwanja. Mtu asiye na pensheni ya maana haachii shamba kirahisi.

Huyo bwana akiwa juu ya tairi lake jioni, mwacheni amalize. Mambo ya kokoto yatasubiri.

SWALI: Mwanangu, mimi nilifanya kazi na Wachina reli ya TAZARA nikiwa kijana. Wote nguo za rangi moja, wanakula pamoja, habari za faida huzisikii kwao. Hawa wa leo wanauza simu na kugombea zabuni. Ni Wachina walewale?
Mstaafu, Mlimba

JIBU: Shikamoo mzee. Ni walewale, au watoto wao. Uliofanya nao kazi kati ya 1970 na 1975 walitoka kwenye nchi ya makomuni: shamba la wote, unapewa pointi za kazi, mavuno yakigawanywa mvivu na mchapakazi hawapishani sana. Mzee wewe unajua shamba la ujamaa likifika saa tano asubuhi lilikuwaje, sina haja ya kueleza.

Mwishoni mwa 1978, kijiji cha Xiaogang jimbo la Anhui, wakulima 18 waliochoshwa na njaa walikutana kwa siri wakagawana mashamba, kila kaya ilime lake. Wakatia dole gumba kwenye karatasi: viongozi wetu wakifungwa, sisi tutakaobaki tutawalea watoto wao hadi wafike miaka 18. Hakuna aliyefungwa. Mavuno ya mwaka uliofuata yaliwatetea, na Deng Xiaoping, aliyekuwa ameshika usukani wa mageuzi, akauunga mkono mtindo huo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makomuni yalikuwa yamekwisha. Ardhi yenyewe haikuuzwa, hadi leo ni mali ya kijiji, mkulima ana haki ya kuilima tu. Na chama kinachotawala ni kilekile kimoja. Hicho hawakukigawana.

SWALI: Dada, ni kweli Wachina sasa wanaruhusiwa watoto watatu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kweli, tangu 2021. Kabla yake wawili tangu 2016, na kabla ya hapo kwa wengi ilikuwa mmoja. Ajabu ni kwamba ruhusa imekuja na watu hawazai: 2022 idadi yao ilipungua, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu ile njaa kuu ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumba ghali, masomo ghali. Tangazo la watoto watatu lilipotoka nilimtumia yule fundi wangu ujumbe kwa utani, nikamwambia haya, ongeza. Akajibu kwa sauti, mkalimani akanifasiria: "Nani atawalea? Mama yangu siku hizi goti linamsumbua."