Ukifuatilia mikondo ya bahari, usiishie kwenye joto la juu

Ramani ya joto la uso wa bahari ndiyo hufunguliwa kwanza, na ndiyo inayopoteza wengi. Jua na upepo hulibadilisha joto hilo ndani ya siku chache. Chumvi, maji yakishakuwa chini ya mita 100 hivi, mbali na mvua na mvuke, hubadilika polepole mno. Ukitaka kujua maji yametoka bahari gani, iulize chumvi.

Chukua maji ya Pasifiki yanayoingia Bahari ya Hindi kupitia visiwa vya Indonesia. Pepo za Pasifiki huyarundika magharibi, usawa wa bahari huko ukawa juu kuliko upande wetu, basi huteremkia huku kwa kiasi cha mita za ujazo milioni 15 kila sekunde. Mengi hupita Mlango wa Makassar, kati ya Borneo na Sulawesi, kisha hutokea kwenye milango ya Lombok, Ombai na Timor. Anayepima kasi ya juu tu mwezi Januari atasema mkondo umelala. Kumbe pepo za msimu huo zimeleta maji mepesi, yenye chumvi kidogo, kutoka Bahari ya Java, yakaziba tabaka la juu. Mkondo wenyewe unapita chini yake. Ndiyo maana joto linalovuka ni pungufu ya lile ambalo ungekadiria kwa kutazama uso.

Maji hayo huvuka Bahari ya Hindi kuelekea magharibi, kati ya latitudo 10 na 15 kusini, yakiwa na chumvi ndogo kuliko ya majirani zake. Baada ya Madagaska, karibu na Rasi ya Delgado kaskazini mwa Msumbiji, mkondo hugawanyika: tawi moja hupanda pwani ya Tanzania na Kenya, jingine hushukia Mlango wa Msumbiji.

Kuyaona mwenyewe si kazi kubwa. Maboya ya Argo, yanayozama na kuibuka yenyewe, hupima joto na chumvi hadi kina cha mita 2,000 kila siku 10, na data zake ni bure. Chagua mafaili yanayoanza na D, yaliyokwisha kuhakikiwa. Yale ya R ni ya haraka tu. Tumia safu ya PSAL_ADJUSTED, yaani chumvi iliyosahihishwa, ubakize vipimo vyenye alama ya ubora 1 (vizuri), kwa sababu kihisi cha chumvi huanza kupotoka boya linapozeeka. Kisha chora chumvi kwa mlalo na joto kwa wima. Usilinganishe maboya mawili kwa kina kilekile: katika Mlango wa Msumbiji kuna mizunguko ya maji yenye upana wa kilomita 300 hivi, inayonyanyua na kushusha matabaka. Linganisha chumvi kwenye joto lilelile, mfano nyuzi 15, au kwenye uzito uleule wa maji kwa ujazo (densiti) ukiweza kuukokotoa.

Kusini mwa Afrika somo hili ndilo hukolea. Mkondo wa Agulhas, unaoshuka pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, hufika pale ukageuka kurudi mashariki, lakini humwaga pete kubwa za maji yanayozunguka, ya Bahari ya Hindi, ndani ya Atlantiki. Pepo baridi hunyang'anya pete hizo joto mapema, chumvi ikabaki, na chumvi hiyo huchangia uzito wa maji yanayozama huko Atlantiki ya Kaskazini. Kwa ramani ya joto peke yake, pete iliyopoa haionekani kabisa. Ifuate kwa usawa wa bahari unaopimwa na setilaiti, maana katikati yake maji huwa yameinuka.

Kwa hali ya hewa ya kwetu, El Niño (Pasifiki ya kati na mashariki inapopata joto kuliko kawaida) hupunguza maji yanayopita Indonesia, La Niña (kinyume chake) huyaongeza. Ila usitabiri vuli kwa hilo pekee. Kokotoa dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani tofauti ya joto la uso wa bahari kati ya pande zake mbili: eneo la magharibi (50–70 mashariki, 10 kusini hadi 10 kaskazini) toa eneo la mashariki (90–110 mashariki, 10 kusini hadi ikweta). Kabla ya kutoa, ondoa wastani wa miaka mingi wa mwezi huohuo katika kila eneo, la sivyo utakuwa unapima majira tu. Mwaka 1997 na 2019 tofauti hiyo ilipanda sana, na vuli ikaleta mafuriko Afrika Mashariki.